Nyumba ya Muislamu: Baraza la Mbao na Matunzo Yake



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya baraza la mbao. Hapa Chato, wapo wenye viwanja vinavyoelekea Ziwa ambao wamejenga mbele ya nyumba zao sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi. Jioni watu wa nyumbani hukaa hapo wakapunga upepo, mgeni wa kiume hukaribishwa hapo bila ya kuingia ndani kwa watu, na mahali pengine watoto husomeshwa hapo hapo juzuu zao. Ni jambo zuri sana, na tena ni la adabu. Walakini mbao zinazokaa nje mchana na usiku zataka matunzo yasiyofanana na yale ya kabati la ndani, na wengi wetu twazitunza kama kabati.

Mwaka jana, katika nyumba moja ya jirani, bibi mzee alitoka alfajiri kwenda kutia udhu, na ubao ukavunjika chini yake, mguu ukazama mpaka gotini. Alhamdulillahi mfupa ulisalimika, ila alikaa wiki nyingi akisali kwa kuketi. Nilipokwenda kumtazama niliinama nikauangalia ule ubao. Juu uling'aa kwa vanishi kama kioo. Chini ulikuwa laini kama mhogo uliooza, hata kijiti cha kuchokonolea meno kilipenya. Baraza lile lilikuwa halijatimiza miaka minne. Mwenye nyumba si mvivu wala si bahili, kwani alikuwa akilipaka kila inapokaribia Idi. Fedha ilitoka na kazi ilifanywa, bali ilifanywa juu ya ubao mbichi, mchafu, usioandaliwa. Haya ndiyo ninayotaka tuyaelewe: rangi ni robo ya kazi, na robo tatu ni yale yanayotangulia kabla brashi haijaguswa.

Ubao, hata ukisha kuwa sakafu, haujaacha tabia ya mti. Hunywa maji ukavimba, huyatoa ukasinyaa, na hufanya hivyo kila siku ya maisha yake. Kuvu waozeshao mbao hawawezi kuishi katika ubao mkavu. Lakini maji yakizidi kadiri ya sehemu 20 kwa 100 za uzito wa mbao kavu, hapo hupata makao. Tena liko jua. Sisi tunakaa kati ya digrii mbili na tatu tu kusini ya ikweta, na uso wa Ziwa lenyewe uko karibu mita 1,134 juu ya bahari; jua letu ni kali, na miali yake isiyoonekana kwa macho huivunja gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, ambayo wataalamu huiita lignini. Ndiyo maana ubao ulioachwa wazi hugeuka kijivu na kuota nyuzi nyuzi. Mwisho kuna mchwa, ambao sina haja ya kuwaeleza watu wa Chato habari zao.

Sasa tazama vanishi ya kawaida inavyofanya. Yenyewe huganda juu ya ubao kama ngozi. Ndani ya nyumba hapana ubaya. Lakini nje, ubao unapovimba na kusinyaa chini yake, ngozi ile hupasuka penye maungio na penye misumari. Mvua huingia kwa ufa mwembamba usioonekana, na ikisha kuingia haina pa kutokea, kwa kuwa juu pamefunikwa. Ni kama chungu chenye kifuniko: kilichomo hakikauki. Kwa hiyo yule jirani, kila Idi, alikuwa akikiongeza kifuniko.

Wazee wetu wa pwani waliyajua haya kabla ya viwanda vya rangi. Majahazi yao hawakuyapaka ngozi ya kung'aa. Mbao za juu ya maji walizipaka sifa, yaani mafuta yaliyotolewa katika maini ya papa, na mbao za chini ya maji walizipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Harufu ya sifa haisahauliki kwa aliyeinusa mara moja, wala simshauri mtu kuileta barazani kwake. Lakini hekima yake ni moja na ile ya rangi nzuri za leo za mbao za nje: mafuta yanaingia ndani ya ubao, hayakai juu yake. Hufukuza maji, na papo hapo huuacha ubao utoe pumzi. Yakichakaa hufifia polepole, hayabanduki vipande vipande, na mtu huongeza mengine bila ya kukwangua upya.

Basi ukienda dukani usiseme tu, "Nataka vanishi." Sema unataka rangi ya mafuta inayonywewa na mbao, ya kutumika nje. Na chagua yenye rangi kidogo, ya kahawia au nyekundu ya mninga, wala usichukue ile nyeupe kama maji, kwa sababu ni chembechembe za rangi zinazoukinga ubao na jua. Isiyo na rangi kabisa haidumu nje.

Ipo dawa nyingine ipendwayo na wengi, nayo ni oili chafu ya magari. Inapatikana kwa bei ndogo au bure, na kweli mchwa hawaipendi. Juu ya nguzo ya ua wa shambani mtu aweza kujitetea. Juu ya baraza la nyumba, hapana, na hasa mahali wanapokaa watoto. Oili iliyokwisha kutumika katika injini imebeba madini na masizi ya mwako, na ndani yake mna vitu vinavyojulikana kusababisha saratani ya ngozi. Haikauki kamwe. Mtoto hutambaa juu yake kisha akatia kidole kinywani. Kanzu na mikeka huchafuka isitakate. Na mvua inaponyesha, sehemu yake huteremka mpaka kisimani au ziwani. Nimewaambia wazazi wa chuoni kwetu, nanyi nawaambia: msiwakalishe watoto juu ya oili.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Wakati wake ni kiangazi, kuanzia mwezi wa Juni mpaka Agosti, baada ya masika kwisha na kabla ya mawingu ya vuli kukusanyika. Anayepaka mwezi wa Novemba kwa kuwa ndio aliopata fedha, heri aziweke fedha zile mpaka Juni.

Kwanza, kagua. Chukua kisu chenye ncha, pita ubao mmoja mmoja, choma penye misumari, penye miisho, na pale mbao zinapolalia boriti za chini. Kisu kikipenya kwa urahisi, ubao huo umekufa. Uondoe, hakuna rangi itakayoufufua. Ingia na chini ya baraza, ukiweza, kwa taa. Nguzo haifai kuzikwa katika udongo. Na isimame juu ya jiwe au zege. Ukiona vijia vya udongo vinapanda nguzo, ni mchwa. Vivunje na utafute vinakotoka. Ukiona majani yamejaa, yatoe, kwani upepo unaopita chini ya baraza ndio unaolikausha.

Angalia pia nafasi kati ya ubao na ubao. Zikibanana, maji ya mvua hayapati njia. Milimita tano zatosha, nazo hazimzuii mtu kutandika mkeka. Na sakafu iiname kidogo kutoka ukutani, kadiri ya sentimita moja kwa kila mita, ili maji yaondoke nyumbani badala ya kuja.

Anayenunua mbao mpya apime mkoba wake na akili yake. Kiini cha mninga au cha mkongo ni kigumu na chavumilia. Lakini ile sehemu nyeupe ya nje ya mti huohuo haivumilii, na muuzaji huziuza zote kwa jina moja. Mbao za msonobari, kama zile zitokazo Sao Hill huko Mufindi, ni za bei nafuu lakini zataka dawa ya kiwandani kabla ya kuwekwa nje. Ubao usio na alama ya watu wa misitu, unaouzwa usiku kwa bei ya kushangaza, usiununue. Baraza la kusomea Kurani halijengwi kwa mali ya kuibiwa. Wala msione haya kwa mti wa kawaida wa kwenu. Mimbari ya Mtume, sala na salamu zimshukie, ilitengenezwa kwa mti wa athli wa Ghaba, karibu na Madina, si kwa mti ulioagizwa kutoka mbali. Mbao zikiwa mbichi zipangwe kivulini, kila safu na vijiti katikati, mpaka zikauke. Hapo subira yahitajika kwa miezi, si kwa siku.

Baada ya kukagua, ondoa vanishi ya zamani yote, si ile inayobanduka tu. Kwangua, kisha piga msasa. Vichwa vya misumari vilivyochomoza vizamishwe kwanza, la sivyo vitachana msasa na baadaye nyayo. Tumia msasa namba 60, kisha namba 80, ukifuata nyuzi za mbao, na uishie hapo. Seremala wa makabati atakucheka, kwa maana yeye huenda mpaka namba 200 na zaidi, mwache acheke. Ubao uliosuguliwa ukawa kama hariri huziba vinyweleo vyake, na mafuta hayaingii. Funga kitambaa puani, kwani vumbi la mbao ngumu huwasha macho na kifua. Na usitumie brashi ya waya wa chuma wala pamba ya chuma: vipande vidogo hubaki ndani ya nyuzi, vikashika kutu, na mvua ya kwanza hukuonyesha madoa meusi.

Kisha osha kwa maji, sabuni na brashi ya sakafu, suuza vizuri, na uache. Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, kwa sababu juu hukauka kwa saa mbili na fundi anataka kumaliza. Subiri siku tatu za jua, au zaidi. Kisha nyunyiza matone ya maji mahali mbalimbali. Yakinywewa kwa dakika chache, ubao uko tayari. Yakisimama kama umande juu ya jani la myugwa, ama vanishi ya zamani imebaki au mafuta yamo, na yakupasa urudie msasa pale. Jaribio hili halina gharama, nalo husema kweli kuliko fundi na muuza duka.

Jambo la brashi halina budi kuelezwa katika gazeti kama hili. Brashi nyingi za rangi za mafuta hutengenezwa kwa manyoya ya nguruwe, na juu ya mpini huandikwa neno la Kiingereza bristle. Katika madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa nchi hizi, nguruwe ni najisi pamoja na manyoya yake, na kitu chenye majimaji kinachogusana naye hunajisika. Wanavyuoni wa Kimaliki wana kauli nyepesi zaidi juu ya manyoya, nasi hatuwakashifu; lakini kwa nini mtu apake mahali pa kusalia kwa kitu chenye shaka, ilhali brashi za nailoni zimejaa madukani? Nchini Malaysia, mwaka 2017, maafisa wa serikali walikamata brashi zaidi ya 2,000 zilizokuwa zikiuzwa bila ya kutambulishwa kuwa ni za nguruwe. Kama hujui yako ni ya nini, ng'oa unyoya mmoja uuchome: wa mnyama hunuka kama nywele zinazoungua na kuwa majivu, wa nailoni huyeyuka ukawa kidonge.

Baraza la mita tatu kwa nne lina mita 12 za mraba. Lita moja ya rangi ya mafuta hutosha kadiri ya mita nane hadi kumi kwa mkono mmoja, na mbao kavu za zamani hunywa zaidi. Basi kwa mikono miwili nunua lita tatu au nne. Makopo yote yachanganywe katika ndoo moja, au sivyo nusu ya baraza itakuwa na rangi yake na nusu nyingine yake. Koroga mpaka chini, na uendelee kukoroga kila baada ya muda, maana rangi hutuama. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao uliotupwa.

Anza asubuhi, au alasiri jua likisha kupungua makali. Katika jua la saa sita rangi hukauka juu kabla ya kuingia ndani. Paka miisho ya mbao mara mbili, kwani huko vinyweleo viko wazi na maji hunywewa mara nyingi zaidi kuliko kwenye uso wa ubao. Uozo mwingi huanzia hapo. Kisha chukua mbao mbili au tatu, zipake kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine bila ya kusimama katikati, ndipo uchukue nyingine. Mkono uwe mwepesi. Baada ya dakika kumi na tano au ishirini, chukua kitambaa ufute mafuta yote ambayo ubao haukuyanywa. Hili huwauma watu, kwa kuwa wanafuta kitu walichokinunua; lakini mafuta yanayobaki juu hunata, hukusanya vumbi, na hugeuka kuwa ile ile ngozi tuliyoikwangua. Mkono wa pili upakwe baada ya siku moja au mbili, kama maandishi ya kopo yanavyoagiza, na watoto wazuiwe mpaka pakauke kabisa.

Na sasa nawaomba mama wa nyumbani na vijana wasikilize sana, kwa sababu hapa kuna hatari ya roho. Vile vitambaa ulivyofutia msivikusanye wala kuvitupa kwenye pipa. Rangi nyingi za aina hii zina mafuta ya kitani, yale yakamuliwayo katika mbegu za kitani. Mafuta haya hayakauki kama maji, kwa kupaa hewani. Hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewa na kugandana nayo, na katika kufanya hivyo hutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa hulipoteza joto hilo. Vitambaa vilivyofinyangwa pamoja hulihifadhi, likaongezeka kwa saa kadhaa, mpaka vikawaka vyenyewe bila ya kiberiti, watu wamelala. Usiku wa tarehe 23 Februari 1991, katika mji wa Philadelphia, Marekani, jengo la One Meridian Plaza lenye ghorofa 38 lilishika moto katika ghorofa ya 22. Chanzo kilikuwa ni vitambaa vyenye mafuta ya kitani vilivyoachwa na mafundi waliokuwa wakipaka mbao. Wazima moto watatu walikufa, na jengo lenyewe likaishia kubomolewa mwaka 1999. Ikiwa jengo la zege na chuma lilipatwa na hayo, nyumba yetu yenye ghala la mahindi na dumu la mafuta ya taa itapatwa na nini? Kila kitambaa kitandazwe peke yake, nje, mbali na ukuta, mpaka kikauke kigumu kama ngozi ya mbuzi. Au kitiwe katika kopo la chuma lenye maji na kifuniko.

Juu ya mikono: rangi ikiganda juu ya ngozi au kucha na kufanya tabaka, maji ya udhu hayafiki chini, na udhu hautimii mpaka iondolewe. Ikibaki rangi tupu isiyo na kiwiliwili, kama hina inavyobaki, haidhuru. Kwa hiyo vaa glavu, na jambo litakuwa jepesi. Rangi ikikupata, usioge petroli wala tina, kwani hupasua ngozi. Pakaza mafuta ya kupikia kabla haijakauka, sugua, kisha osha kwa sabuni. Nimewaona mafundi wakipitwa na Adhuhuri na Alasiri wakikwangua kucha zao kwa wembe.

Mabaki ya mbao nayo yana hukumu yake. Ubao au nguzo yenye rangi ya kijani iliyotiwa dawa kiwandani mara nyingi ina shaba, kromi na zarniki. Marekani, viwanda viliacha kuitia dawa hiyo katika mbao za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Kwetu bado zipo. Msizitie jikoni hata kipande kimoja, kwani moshi wake ni sumu, na majivu yake ni sumu zaidi. Wala msizifanye kibao cha kukatia mboga. Kuni hizo hazifai hata kwa kuchemshia maji ya kuoga.

Kisha, kila mwaka masika yanapokwisha, rudia matone ya maji. Yakisimama juu, fagia tu na uendelee na kazi zako. Yakinywewa, osha, kausha, na upake mkono mmoja mwepesi. Nusu siku ya kazi, si zaidi. Na baada ya darsa watoto wafundishwe kuikunja mikeka na kuisimamisha ukutani, wala wasiiache imetandikwa usiku kucha, kwa sababu chini ya mkeka uliolowa umande ubao haupati kukauka.